Mgeni Mpe Jembe: Maneno kwa Marapa Wanaoandaa Albamu ya Kwanza

Hotuba hii niliitoa Kaloleni, Arusha, mbele ya wasanii chipukizi wa hiphop na maprodyuza wao. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Wakubwa zangu mliopo, shikamooni. Wadogo zangu, machalii na madada wa Chuga, Arusha yetu hii, habari za jioni. Nawashukuru walioniita, na namshukuru mwenye ukumbi aliyekubali kuzima muziki wa baraza ya nje ili tusikilizane.

Nimekuja kuzungumzia albamu moja ya Marekani ya mwaka 1998, Kuruption! ya rapa Kurupt. Wengi wenu ilipotoka mlikuwa hamjazaliwa. Aliyenifanya niikumbuke ni kijana aliyekaa safu ya pili pale. Simtaji jina, amenikatalia. Ameniletea mpango wa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, baada ya kusikika miaka mingi kwenye kundi na kwenye nyimbo za wenzake. Ni albamu ya diski mbili, ina nyimbo zaidi ya ishirini, na karibu kila wimbo una mtu wa kushirikishwa. Nilipousoma mpango ule nilifurahi kweli, nikajiambia Chuga bado ina watu wenye kiu. Halafu nikaingiwa na wasiwasi. Furaha ile na wasiwasi ule ndiyo mazungumzo yangu ya leo, kwa sababu najua humu ndani wenye mpango kama wake ni wengi.

Tuanze na Kurupt.

Jina lake la nyumbani ni Ricardo Brown. Alizaliwa Philadelphia, mashariki ya Marekani, mwaka 1972, akahamia California angali kijana, na huko magharibi ndiko jina lake lilikokua. Angalieni njia aliyopita. Mwaka 1992 yumo kwenye The Chronic ya Dr. Dre. Mwaka 1993 yumo kwenye Doggystyle ya Snoop. Mwaka 1995 anatoa Dogg Food pamoja na rapa mwenzake Daz, wawili hao wakijiita Tha Dogg Pound, na albamu inaingia chati ya Billboard ikiwa namba moja. Februari 1996 yumo kwenye All Eyez on Me ya 2Pac, kwenye wimbo mmoja ambao yeye na Daz wanakutana na Method Man na Redman, watu wa mashariki kabisa. Miaka hiyo yote kijana huyu anasifika kwa kalamu kali, lakini albamu yenye jina lake peke yake hana. Kila mahali ni mgeni, au ni nusu ya kundi.

Oktoba 1998, akiwa ameshaondoka lebo ya Death Row, ndipo akatoa Kuruption! kwa lebo ya Antra. Ilikuwa albamu yake ya kwanza peke yake, na hapo hapo ikawa ya diski mbili. Diski moja aliiita West Coast, ya pili akaiita East Coast. Wageni kibao, Dr. Dre mmojawapo. Ikafika namba 8 Billboard.

Sasa ili mwelewe uzito wa majina ya zile diski, lazima mkumbuke kilichotangulia. Mwaka 1995 Tha Dogg Pound na Snoop walitoa wimbo kuhusu New York, na kwenye video yake Snoop alionekana kama jitu linalopiga teke maghorofa ya jiji lile. Walipokuwa Brooklyn wakichukua picha za video hiyo, gari lao la kupumzikia lilipigwa risasi. Septemba 1996 2Pac, mtu wa magharibi, akapigwa risasi Las Vegas, akafa. Machi 1997 Biggie, rapa wa New York, akapigwa risasi Los Angeles, akafa. Pwani mbili zilikuwa zimezikana. Mwaka mmoja na nusu baadaye, mtu aliyekuwa ndani kabisa ya kambi ya magharibi, mtu wa ule wimbo wa maghorofa, anasimama na kuipa nusu nzima ya albamu yake jina la East Coast. Ana haki hiyo. Ni kwao. Amezaliwa kule, amekulia huku, na hakuna mtu wa pwani yoyote anayeweza kumwambia achague.

Hapo ndipo ninapompa Kurupt heshima yake yote. Albamu ya diski mbili lazima iwe na sababu ya kuwa mbili, na yake ilikuwa nayo. Kuwa na nyimbo nyingi peke yake hakutoshi. Nyimbo nyingi kila mtu anazo, fungueni simu zenu muone mmerekodi mangapi ambayo hayajatoka. Kurupt alikuwa na maisha mawili, akayapa kila moja chumba chake.

Lakini nitasema na upande wa pili, kwa sababu nampenda na nimeisikiliza albamu ile mara nyingi. Ndani ya zile diski mbili kuna mahali mwenyewe anapotea. Wimbo unaanza, mgeni anaingia, mwingine anaingia, kiitikio kinapigwa, na ukimaliza unajiuliza Kurupt alisema nini. Mtu aliyezoea kuja, kupasua na kuondoka, ameachiwa nyumba nzima na hajui akae kiti kipi. Novemba 1999 alirudi na Tha Streetz Iz a Mutha, diski moja tu, na kwa masikio yangu ile ndiyo albamu aliyojikuta. Nayo ina wageni wengi, Daz yumo, Dr. Dre yumo, Nate Dogg yumo. Kwa hiyo msinielewe vibaya, wageni sikuwakataza. Kilichobadilika ni kwamba mara ya pili kila mgeni alikuta mwenyeji yuko mlangoni.

Wadogo zangu, tofauti ya mgeni na mwenyeji kwenye rap inaanzia kwenye muda. Chukueni biti ya mapigo 92 kwa dakika, mwendo wa kawaida kabisa wa ngoma zetu. Mistari 16 kwenye biti hiyo inakwisha kwa sekunde kama 42. Kwa sekunde 42 unahitaji hasira moja, au kicheko kimoja, na vina vilivyonyooka. Unaweza kuwa hodari wa sekunde 42 kwa miaka sita mfululizo, ukaogopwa mjini, na bado hujawahi kumwambia msikilizaji mama yako anaitwa nani nyumbani, unaogopa nini, ulifukuzwa wapi. Albamu ya kwanza inadai hayo. Watu wananunua albamu yako ya kwanza ili wakujue. Ya tano watanunua kwa mazoea.

Mkitaka kuona kinyume chake, msikilizeni Nas mwaka 1994. Illmatic ni vipande 10, haifiki dakika 40, na rapa mgeni ni mmoja tu, AZ. Sisemi kila mtu afanye hivyo, Nas ni Nas. Lakini huyo alijua albamu ya kwanza ni ya kuonekana uso.

Nirudi kidogo nyumbani. Mnajua kwa nini sisi Tanzania hatukukulia kwenye albamu za diski mbili? Tulikulia kwenye kaseti. Msanii alikuwa anapeleka kazi kwa msambazaji Kariakoo, na msambazaji anapiga hesabu ya kaseti moja, pande mbili, basi. Kaseti mbili ni gharama mara mbili na bei ambayo mtu wa Ngarenaro au Unga Limited hawezi. Nyimbo zikawa kumi, kumi na mbili, zimepangwa Upande A na Upande B. Professor Jay alipotoka kundi la Hard Blasters na kufanya Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, albamu ya kwanza ya peke yake, ilipita kwenye mlango huo huo mwembamba. Na mlango mwembamba ulitusaidia. Ulilazimisha watu kuchagua.

Zile albamu ndefu za Marekani zilitufikia kwa njia ya ajabu, na hili napenda kulisimulia. All Eyez on Me ina nyimbo 27 na inakwenda kama dakika 132. Mtaani kwetu CD alikuwa nayo mtu mmoja mmoja, sisi wengine tulikwenda kwenye vibanda vya kudabu, yaani kunakili nyimbo, na kaseti tupu ya dakika 90. Dakika 132 kwenye dakika 90 haziingii. Kwa hiyo mwenye kibanda alikuwa anakata. Anakata anavyopenda yeye. Mmoja hapendi nyimbo za taratibu, anaziruka zote. Mwingine anaanza na diski ya pili kwa sababu ya kwanza ina mikwaruzo. Matokeo yake kila mtaa ulikuwa na All Eyez on Me yake. Tulikuwa tunabishana kijiweni kuhusu albamu moja, kumbe tumesikiliza albamu tofauti. Nilikuja kuisikia nzima baadaye sana, na kulikuwa na nyimbo ambazo niliapa si za humo.

Nawaambieni hili kwa sababu bado linatokea. Kibanda kimehamia kwenye simu. Msikilizaji wako wa leo ndiye anayekata. Ukimpa nyimbo 25, atachukua nne, ataziweka kwenye orodha yake, na zile 21 utabaki nazo wewe na mama yako. Jiulizeni, zile nne atakazochukua, wewe umo? Au amechukua nne ambazo anayesikika zaidi ni mgeni wako wa Dar?

Na kuna watu watakudanganya na hesabu. Watakwambia Wamarekani wanatoa albamu ndefu kwa sababu inalipa. Ni kweli kwao kuna sababu za hesabu. Chama cha kampuni za rekodi za kule, RIAA, kinapotoa vyeti vya mauzo huhesabu kila diski ya albamu ndefu peke yake, ndiyo maana All Eyez on Me ilipata cheti cha almasi mwaka 2014, cheti cha milioni 10, kwa seti milioni 5. Na tangu mwishoni mwa 2014 Billboard huingiza usikilizaji wa intaneti kwenye chati ya albamu, kwa hiyo nyimbo nyingi ni hesabu nyingi. Lakini hayo ni ya watu wenye mamilioni ya wasikilizaji. Wewe uangalie hili: Spotify iliingia Tanzania mwaka 2021, na tangu 2024 wimbo ambao haukufikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi kitu kule. Sasa wewe msanii mpya umesikilizwa mara elfu kumi kwa mwaka. Zigawe kwenye nyimbo kumi, kisha zigawe kwenye nyimbo 25 ambazo nusu yake ni za kujazia. Utaona ni nyimbo ngapi zinabaki chini ya mstari huo, hazikulipi, na ulizilipia studio.

Sasa wageni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye albamu hakuna hata hizo siku mbili. Jembe apewe mlangoni. Kabla hujampigia mtu simu, andika kwenye karatasi anakuja kufanya kazi gani ambayo wewe huwezi. Ukishindwa kuandika, usimpigie.

Biggie alilijua hili vizuri kuliko wengi. Life After Death, diski mbili, ilitoka Machi 1997 siku chache baada ya mazishi yake. Humo kuna wimbo amewaalika Bone Thugs-N-Harmony wa Cleveland, watu wanaorap haraka huku wanaimba. Kila mtu angetegemea Biggie abaki na mwendo wake mzito na wageni wakimbie peke yao. Akafanya kinyume. Akaingia kwenye mwendo wao, akakimbia nao, akaonyesha kitu ambacho hakuna aliyejua anacho. Wale wageni ndio waliomtoa. Na kwenye albamu hiyo hiyo, moto wa pwani ukiwa bado unawaka, alimwalika Too $hort wa Oakland. Jina la mgeni peke yake lilikuwa ujumbe.

Hapa kwetu tunao mfano mzuri kuliko hata huo. X Plastaz, kundi la mji huu, walitoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004. Ile sauti ya Kimasai ya Merege, ule mwimbo unaotoka kifuani, hakuna rapa ambaye angeweza kuufanya badala yake. Ukiutoa, wimbo unaanguka. Hicho ndicho kipimo changu, na nawaomba mkitumie mkifika studio kesho: zima njia ya sauti ya mgeni kwenye mashine, sikiliza wimbo bila yeye. Ukiona haukupungukiwa kitu, mgeni huyo alikuja kula.

Na Joh Makini alipomshirikisha AKA wa Afrika Kusini mwaka 2015, marehemu AKA, Mungu amrehemu, Joh hakumfuata kwa lugha yake. Alibaki na Kiswahili chake cha Arusha, na mwenzake akaja na Kiingereza chake. Sikilizeni pale mwenyeji ni nani. Hamhitaji kuambiwa.

Kuna jambo linanikera na nitalisema waziwazi. Orodha za wageni ninazoletewa, wageni wote wanaume, na ukimkuta dada mmoja kaandikwa kwenye kiitikio tu. Nani aliwaambia dada kazi yake ni kiitikio? Doggystyle ya Snoop, albamu yake ya kwanza, sauti ya kwanza kurap humo ni ya Lady of Rage. Mwenye nyumba kamwachia dada afungue nyumba. Na sisi tunao tangu zamani, Zay B na Sister P mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chemical na Rosa Ree baadaye. Madada mliomo humu ukumbini mnaandika mistari, nimewasikia. Ninyi wa kiume mnawajua kwa majina. Waiteni kwenye vesi.

Nizungumze kidogo kifundi, maana hii ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Mgeni wako yuko Dar, au Nairobi, au Mwanza. Anarekodi kule, anakutumia. Mara nyingi sana ninachopokea ni sauti iliyopita WhatsApp kama ujumbe wa kawaida. Ile imebanwa tayari. Herufi za s zinapiga kelele kama mafuta kwenye kikaango, na chini hakuna kifua. Naiweka kando ya sauti yako iliyorekodiwa Sakina kwenye chumba chenye magodoro ukutani, na msikilizaji anasikia wazi kwamba hawa watu hawajawahi kuonana. Unaniambia, kaka, miksi tu, utaweka sawa. Siwezi kuweka sawa kitu ambacho kimeshatupwa. Mwambie mgeni atume faili la WAV lisilobanwa, sauti kavu, bila mwangwi, bila kitu chochote juu yake. Kama hana njia nyingine zaidi ya WhatsApp, aliambatishe kama hati, hapo halibanwi. Mtumie biti yenye mapigo yaliyoandikwa kwenye jina la faili, na mtumie na vesi yako ikiwa imeshawekwa. Hili la mwisho watu hawalifanyi kabisa. Mgeni akirap bila kusikia umesema nini, atarap kuhusu magari na pesa kwenye wimbo wako unaozungumzia msiba. Nimeyaona hayo kwenye kazi nilizopewa kumiksi, na msanii anaona aibu kumrudisha mtu mkubwa kwa sababu amempa bure. Kitu cha bure kisichofaa kinakugharimu wimbo.

Makaratasi nayo. Najua hapa Chuga tunaishi kwa undugu, "arifu nipe vesi, na mimi nitakupa". Undugu ni mzuri, na mimi mwenyewe nimekula matunda yake. Lakini mgeni akiandika mistari yake 16, amekuwa mtunzi mwenzako wa wimbo ule. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake watoto wa mgeni wako na watoto wako, hata ambao hawajazaliwa, wana jambo la pamoja. Kwa hiyo siku ile ile ya kurekodi, kabla hamjaenda kula chipsi, andikeni karatasi moja: nani ametunga maneno, nani ametengeneza biti, kila mmoja asilimia ngapi, nani ameruhusu nini. Mweke sahihi. Prodyuza naye aweke. Kisha msajili kazi COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki. Kwenye wimbo mmoja mnaweza kukumbuka. Kwenye nyimbo 25 na wageni 18 hamtakumbuka, na siku wimbo mmoja ukienda mbali ndipo kila mtu atakumbuka vyake.

Na kabla sijasahau, jukwaa. Siku ya uzinduzi wageni wako hawatakuja wote. Mmoja atakuwa na shoo, mwingine nauli, mwingine mmekosana. Utabaki wewe na spika inayotoa sauti ya mtu asiyekuwepo, na mashabiki wanaangalia simu. Hakikisha kwenye kila diski kuna nyimbo za kutosha ambazo unaweza kuzisimamia kuanzia mwanzo hadi mwisho ukiwa na maiki yako tu.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu wa safu ya pili.

Juzi tulikaa studio, tukaandika jina la kila wimbo kwenye kipande cha karatasi, tukavitandaza sakafuni. Tukaanza kuvisogeza. Yeye alikuwa amevipanga kwa ukubwa wa wageni, majina makubwa diski ya kwanza, ya pili wale wa mtaani. Nikamwomba asahau majina, anipangie kwa maneno aliyoandika. Alichukua muda. Kidogo kidogo vipande vikaanza kukaa makundi mawili bila mimi kusema kitu. Kundi moja lilikuwa nyimbo za Mererani. Wengine hamjui, kijana huyu aliingia migodini kabla ya ukuta wa 2018, alikuwa mwanaapolo, alishuka shimoni na tochi kichwani kutafuta tanzanaiti na kupanda mikono mitupu. Ana nyimbo kuhusu joto la chini, kuhusu kugawana chakula, kuhusu rafiki aliyebaki kule. Kwenye mpango wa kwanza nyimbo hizo zilikuwa zimetawanyika, mbili huku, moja kule, zimefunikwa na kolabo. Kundi la pili lilikuwa Chuga: Kijenge, vifodi vya abiria, stendi, mapenzi, kundi lake lilivyovunjika.

Mdogo wangu, diski zako mbili zilikuwa pale sakafuni. Ya kwanza Mererani, ya pili Arusha. Kurupt alikuwa na Philadelphia na Los Angeles, wewe una shimo na mji. Hakuna rapa wa Dar, hakuna wa Nairobi, hata awe mkubwa vipi, anayeweza kukutolea albamu hiyo. Kwenye diski ya Mererani punguza wageni mpaka wabaki wawili au watatu. Zile kolabo za kupendeza zihamishie ya pili, nazo zipite kwenye kipimo cha kuzima njia. Ukibaki na nyimbo 16 badala ya 25, usilie. Bado ni diski mbili, maana ni maisha mawili.

Na mgeni wa kwanza kabisa nimeshakuchagulia, ingawa hujaniomba. Ulinisimulia kuhusu yule mzee mliyekuwa mnashuka naye, aliyekuwa akiimba wakati mnavuta kamba, na ninyi mnaitikia. Ukaniimbia kipande. Mzee huyo hajawahi kuingia studio na hana mfuasi hata mmoja mtandaoni. Kabla hujampigia mtu yeyote wa Dar, tafuta kinasa sauti na maiki moja nzuri, nenda kwake, mwombe ruhusa, mwambie albamu ni ya nini, mweleze na karatasi ya asilimia kwa Kiswahili chepesi aelewe anachosaini. Mrekodi aimbe anavyoimba, usimwambie afuate biti. Biti itamfuata yeye, hilo niachie mimi. Maiki nitakuazima, na kwenye nauli ya kwenda Mererani nitachangia.

Nimemaliza. Najua kuna wenye maswali kuhusu bei ya kumiksi na masta, nimewaona mnanong'onezana tangu nilipotaja WhatsApp. Anzeni na ninyi wa nyuma.